Alama ya kasa wetu imepanda nchi kavu kwenye ramani. Ameshachinjwa?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa jarife na mjumbe wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ya kijiji chetu, pwani ya kusini mwa Tanzania. Wiki tatu zilizopita watafiti walimkuta kasa usiku amemaliza kutaga, wakamgandisha mgongoni kifaa cha kumfuatilia kwa setilaiti, wakamwacha arudi majini. Kijana wangu hunifungulia ramani kwenye simu. Wiki mbili za mwanzo alama ilizungukazunguka mbele ya kijiji. Halafu siku moja ikatokea porini, kilomita 10 hivi kutoka baharini, kesho yake ikarudi majini, na sasa siku ya nne haijaonekana kabisa. Kijijini maneno ni mengi. Wako wanaosema ameshachinjwa, wako wanaosema kifaa kimemzamisha kwa uzito, na wako wanaosema lile ni jicho la serikali la kutuchungulia wavuvi. Na mimi nikimkuta kwenye jarife langu nifanyeje, nisije nikaambiwa nimeharibu mali ya watu? Tena tunafikiria kuomba fedha za mradi tununue vifaa vyetu vitatu. Ni wazo zuri?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: kwa hayo uliyonieleza, sioni dalili kwamba kasa wenu amekufa. Kuzunguka wiki mbili mbele ya kijiji, kuruka porini siku moja, kisha kimya cha siku nne, ni mwenendo ninaouona kwa kasa wengi walio wazima kabisa. Nitakueleza kwa urefu kidogo, maana ukishajua ile alama inavyopatikana utaweza kuwajibu wenzako barazani wewe mwenyewe.

Watu wengi wanadhani setilaiti inamwona kasa, kama mtu aliye juu ya mnazi anavyoliona dau. Haimwoni. Inachofanya ni kusikia kifaa kikiita, na kifaa hakiwezi kuita kikiwa chini, kwa sababu mawimbi yake ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Kwa hiyo kimewekewa vituo viwili vidogo vya chuma kwa nje. Kikiwa majini, maji ya chumvi yanapitisha umeme kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kifaa kinanyamaza kutunza betri. Kasa akiibuka, umeme unakatika, kifaa kinajua kiko hewani na kinatuma ujumbe wake. Ujumbe wenyewe hauchukui hata sekunde moja. Unabeba namba ya kifaa, hali ya betri, pengine joto la maji na muda aliozama, basi.

Sasa iweke hiyo kando ya pumzi ya kasa. Wewe umeiona mara nyingi kuliko mimi: kichwa kinachomoza, unasikia ule mvumo wa pumzi, na kabla hujamwonyesha mwenzako kashazama. Ni sekunde mbili tatu, kisha anaweza kukaa chini nusu saa au zaidi.

Mtandao unaopokea ujumbe huo unaitwa Argos, ulioanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Setilaiti zilizoubeba miaka yote hii hupita kama kilomita 850 juu yetu, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, na kila moja huizunguka dunia kwa dakika 100 hivi. Ikipita juu ya bahari yenu ina dakika 10 hivi za kusikiliza kabla haijazama nyuma ya upeo wa macho. Sisi tulio karibu na ikweta tunapunjwa hapo, kwa sababu njia za setilaiti hizo hukutana kwenye ncha za dunia na kuachana sana huku katikati. Mtafiti wa Greenland anapata mapito mengi kwa siku, sisi tunapata machache kuliko yeye. Kasa lazima avute pumzi wakati setilaiti iko juu, na mgongo utoke majini pamoja na kichwa. Bahari ikichafuka, kama inavyokuwa kusi likivuma, hata hayo machache yanapungua.

Mahali penyewe panajulikanaje? Simama kando ya barabara kuu, basi likupite dereva akiwa amebana honi. Likija, mlio unakuwa mwembamba. Likishapita, mlio unashuka na kuwa mnene. Honi ni ileile, mwendo ndio uliobadilisha unachokisikia. Baharini kasa ndiye mwenye honi na setilaiti ndiyo inayopita kwa kasi, lakini kanuni haibadiliki. Kompyuta hupima jinsi mlio ulivyoshuka kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine, kisha hukokotoa kasa yuko umbali gani kutoka kwenye njia ya setilaiti. Zikipatikana jumbe nne au zaidi katika pito moja, hesabu inakuwa nzuri. Zikipatikana mbili, ni kama kukadiria kina cha maji kwa kuangalia rangi yake: mzoefu atakaribia, lakini hutapitisha jahazi kwa kutegemea hilo peke yake.

Ndiyo maana Argos huipa kila alama daraja. Daraja la 3 ndilo bora, kosa lake ni chini ya mita 250. La 2 ni kati ya mita 250 na 500, la 1 hufika mita 1,500, na la 0 huzidi hapo. Chini yake kuna A na B, ambazo hazipewi kipimo chochote cha kosa, na kwa bahati mbaya nyingi ya alama za kasa huangukia humo, kwa sababu ya hizo pumzi fupi. Mtafiti huzichuja kabla ya kuchora njia. Ramani ya simu mara nyingine huzionyesha zote kwa rangi moja, nzuri na mbovu, na hapo ndipo kijiji kizima kinaamka kikimtafuta kasa porini. Kilomita 10 ni kosa la kawaida kwa daraja B. Na usishangae siku moja ukimkuta Songea. Hesabu hii hutoa majibu mawili, moja kulia kwa njia ya setilaiti na moja kushoto, na kompyuta ikichagua lisilo sahihi alama inarushwa mamia ya kilomita. Vipo vifaa vya gharama zaidi vinavyodaka mawimbi ya GPS kwa sehemu ndogo ya sekunde mara kasa anapoibuka, na hivyo kosa lake ni makumi ya mita tu. Waulize watafiti chenu ni cha aina gani.

Kuhusu zile wiki mbili za kuzunguka: jike la kasa wa kijani hatagi mara moja akaondoka. Anataga mayai 100 na ushee, anarudi majini, anapumzika karibu, na baada ya kama wiki mbili anapanda tena pwani kutaga. Hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Alikuwa anasubiri zamu yake. Na hapo kifaa kina faida moja nzuri: akipanda mchangani saa nzima au zaidi, kinaita mfululizo kikiwa kikavu, na tunapata alama safi za usiku huo. Waombe watafiti waangalie usiku wa karibuni. Huenda mna kiota kingine ambacho doria haikukiona.

Je, tungejuaje kama amechinjwa? Alama ya kasa aliyepandishwa nchi kavu haiwi moja inayotokea na kutoweka. Zinakuja nyingi, za daraja la juu, kila setilaiti ikipita, zote mahali pamoja, kwa sababu kifaa hakizami tena. Kama kinapima joto, kinaonyesha mchana mkali na usiku wa baridi, jambo ambalo bahari haifanyi. Mfano unaojulikana ni wa duvi, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, aliyeitwa Adelita, aliyeachiwa Baja California, Mexico, mwaka 1996 na mtafiti Wallace J. Nichols. Alivuka Pasifiki nzima, zaidi ya kilomita 11,000, hadi Japani, na dunia ilikuwa ikimfuata kwenye intaneti. Mwishoni alama zake zilikwenda kwa kasi isiyo ya kasa kuelekea bandari ndogo ya wavuvi, kisha zikakoma. Walioifuatilia safari ile waliamini alinaswa kwenye zana za uvuvi. Ona tofauti: kule kulikuwa na mwendo wa mashine na alama zilizoishia bandarini. Kwenu kuna alama moja tu ya kichakani, na kesho yake yuko majini.

Na kimya? Siku nne ni chache mno kukata tamaa, hasa kama amemaliza kutaga na ameanza safari. Hata kifaa kikizimika moja kwa moja, sababu ya kwanza ninayoifikiria si kifo. Unajua kwa nini mnapandisha jahazi na kulipaka shahamu na chokaa. Vile viumbe vyenye magamba vinavyoota chini ya chombo ndivyo vinavyoota juu ya kifaa, vikafunika vile vituo vya chuma, kikadhani kiko majini siku zote. Tunapaka rangi ya kuvizuia, nayo inaisha. Antena hukatika kasa anapojipenyeza chini ya mwamba kulala. Gamba lenyewe hujichuna taratibu na kuondoka na gundi. Betri huisha. Kifaa kilichodumu mwaka mmoja kimefanya kazi ya kusifiwa.

Nije kwenye uzito, maana hili wazee wana haki ya kuliuliza. Jike la kasa wa kijani aliyekomaa ana kilo 100 na zaidi, kifaa ni gramu mia kadhaa. Kinachotuhangaisha hasa ni maji kukikokota. Watafiti waliwahi kutengeneza sanamu za kasa na kuzipima kwenye handaki la upepo, yaani chumba kinachopulizwa upepo ili kupima ukinzani: kwa kasa mkubwa mzigo wa maji uliongezeka kwa chini ya asilimia 5, lakini kwa kasa wadogo ulizidi asilimia 100. Kwa hiyo mtu akija kijijini anataka kumgandisha kasa mdogo kifaa kikubwa, mkatalieni. Noa, wale kasa wakubwa wenye mgongo wa ngozi, nao zamani walifungwa kwa mikanda kama begi la shule. Iliwaelemea na kuwachubua, na watafiti wengi wameiacha.

Nimeifanya kazi hii usiku mwingi na nakumbuka kila hatua yake. Kasa akimaliza kufukia mayai tunamzungushia ubao pande nne, tunamfunika macho kwa kitambaa kibichi, taa ni nyekundu na hafifu. Tunakwangua gamba kwa msasa mpaka ule utelezi wa mwani uishe, tunaosha, tunakausha, tunafuta kwa spiriti. Gundi ya epoksi inapokauka hutoa joto, kwa hiyo inapakwa tabaka nyembamba nyembamba, na mimi huweka kiganja juu yake muda wote. Kikianza kuona moto, tunasimama. Kasa anahema, anatoa machozi mazito. Nasikia watu wakisema analia kwa uchungu wa alichofanyiwa. Machozi yale ni chumvi anayoitoa mwilini, huyatoa hata akiwa baharini, tatizo ni kwamba majini hatuyaoni. Hata hivyo sisemi kwamba hasumbuki. Anasumbuliwa saa moja au mbili, na anayeanza kazi hii lazima awe na sababu ya kutosha ya kumsumbua.

Sababu hizo zipo, na moja inagusa bahari yetu moja kwa moja. Mwaka 2012 majike ya kasa wa kijani yaligandishwa vifaa Diego Garcia, visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, ndani ya eneo ambalo wakati ule lilikuwa miongoni mwa hifadhi za bahari kubwa zaidi duniani. Mmoja wao aliogelea kilomita 3,979 hadi pwani ya Somalia. Hifadhi ile, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa nyumba yake ya uzazi tu. Maisha yake mengine yote yako huku kwetu, kwenye nyasi za bahari za Afrika Mashariki. Kasa waliogandishwa vifaa Komoro na Mayotte nao wameonekana wakija pwani hii na Madagaska. Na wenzao wa jamii ya duvi ambao hawajakomaa, walionaswa kwenye ndoano karibu na Réunion wakatibiwa na kuachiwa, wengi walishika njia ya kaskazini kuelekea Oman. Kabla ya vifaa hivi tulikuwa na hadithi za mabaharia na vibati vya namba vya pezini vilivyookotwa mara moja moja.

Hilo la jicho la serikali nitalijibu kwa uwazi. Kifaa hakina kamera, hakina kinasa sauti, hakiwezi kuona ngalawa hata ikipita juu yake. Hakipokei amri kutoka kwa mtu, hutuma tu. Lakini si kweli kwamba hakiwahusu wavuvi. Alama zikionyesha kasa wanakaa kwenye mwamba fulani miezi mitatu, mtu atapendekeza majarife yasitegwe pale miezi hiyo, na mwamba huo unaweza kuwa riziki yako. Basi msikae na hofu nyumbani. BMU iwaandikie watafiti kudai ripoti kwa Kiswahili, na mwakilishi wenu awepo mezani kabla mpaka haujachorwa. Hiyo ni haki yenu.

Ukimkuta kwenye jarife: akiwa hai na ana nguvu, kata nyuzi, usimvute kwa kifaa wala kwa pezi moja, mwachie mbali na wavu mashine ikiwa imezimwa. Uzi mmoja wa wavu ukibaki umemkaza pezini utalikata taratibu, kwa hiyo mzungushe umwangalie vizuri. Akiwa amelegea hatikisiki, usimtupe ukidhani amekufa. Kasa aliyelewa maji anaweza kuzinduka. Mlaze kifudifudi, tumbo chini, umwinulie sehemu ya nyuma kama shubiri moja ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi kivulini bila kuziba pua, na umpe muda, saa 4 hadi saa 24. Usimgeuze chali wala usimkanyage kifuani. Hapo ndipo pa kupiga simu haraka kwa ofisa uvuvi au hifadhi ya bahari iliyo karibu, maana kasa aliyelegea, mwenye ndoano kooni au pezi lililooza, anahitaji mtu wa kumshika kwa mikono. Ushauri wa kwenye maandishi haumtoshi.

Kifaa usikibandue. Kipige picha namba ionekane, pamoja na kibati cha pezini kama kipo, andika tarehe na mahali. Ukikiokota pwani peke yake kirudishe kizima. Usikipasue wala kukitupa motoni, kina betri ya lithiamu. Mvuvi anayetoa taarifa anatusaidia kwa jambo ambalo setilaiti haina uwezo nalo, na afisa anayejua kazi yake atakupokea kama msaidizi. Na kama kasa amekufa, nakusihi nyama isiende nyumbani. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga.

Sasa vifaa vyenu vitatu. Mimi nisingevinunua, si kwa mwaka huu. Kimoja hugharimu maelfu ya dola za Marekani, na juu yake kuna ada ya setilaiti. Kasa watatu hawasemi habari za kasa wote: mmoja anaweza kwenda Msumbiji, wa pili Kenya, wa tatu akakatika antena wiki ya pili, na mradi umeisha. Tena hamwezi kuanza wenyewe tu. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na idhini ya mamlaka za uvuvi, na mtu aliyefundishwa. Fedha hiyohiyo inawalipa vijana wa doria msimu mzima wa kutaga, kila usiku, pamoja na vibati vya pezini. Na kuna njia isiyogharimu karibu kitu: vigamba vya shavuni mwa kasa havifanani kati ya mmoja na mwingine, picha nzuri ya kila upande wa uso inatosha kumtambua akirudi baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Nitabadili mawazo mkija na swali moja mahususi, kwa mfano kasa wenu hukaa wapi kati ya kutaga na kutaga, ili mkubaliane majarife yatoke wapi na kwa wiki ngapi. Kwa swali hilo, vifaa kumi vya GPS chini ya chuo au taasisi yenye uzoefu vingekuwa na maana, nanyi muwe wenye swali badala ya kuwa wabeba taa tu.

Kwa wiki hii fanya mawili. Nenda kwa watafiti au uwapigie, uwaombe daraja la ile alama ya porini na ujumbe wa mwisho wa kifaa ulisema nini kuhusu betri. Kisha pata namba ya simu ya ofisa uvuvi wa zamu, iandikwe kwa rangi ndani ya kila chombo cha kijiji. Kasa aliyemaliza kutaga hana tena sababu ya kukaa kwenu. Hajala vizuri kwa miezi, ameishi kwa mafuta ya mwili, na sasa anafuata nyasi zake, kilomita 50 au 60 kwa siku. Kijana akifungua ramani tena, mwambie aipunguze mpaka pwani yote ionekane, kutoka Msumbiji hadi Somalia, maana alama ijayo huenda isiwe mbele ya kijiji tena.